Mikono mipya ya juu kwa pikapu iliyoinuliwa: kuchagua, kufunga na kupima

Pikapu ikishainuliwa mbele kwa inchi mbili au tatu, mwanzoni mwenyewe huona uzuri tu. Tairi kubwa limeingia, gari limesimama. Wiki zinapita, na kwenye lami iliyonyooka usukani unaanza kutaka kushikwashikwa kila dakika. Ukikata kona, haurudi wenyewe upesi kama zamani. Ukigeuza usukani mpaka mwisho, tairi linakwaruza sehemu ya nyuma ya madigadi. Ukishuka bondeni kwa kasi kidogo unasikia "ta!", chuma kimekutana na chuma. Unaenda kwenye alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi, fundi anazungusha anachoweza kuzungusha, halafu anakwambia: "Hapa nimefika mwisho, haziendi tena."

Hapo ndipo watu huanza kuulizia mikono ya juu. Namaanisha kile chuma chenye umbo la herufi A kilicho juu ya saspensheni ya mbele: upande wake mpana umefungwa kwenye chasisi kwa bushi mbili (mirija yenye mpira), na ncha yake imeshika nako, kile chuma kinachobeba gurudumu, kwa bolijointi, yaani kiungo cha duara kinachoyumba pande zote. Mafundi wengi huuita wishboni ya juu, wengine kontrolo amu. Ni kitu kilekile.

Mwongozo huu ni wa pikapu zenye saspensheni huru mbele, yaani kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake, mfano Toyota Hilux na Tacoma, Ford Ranger na F-150, au Chevrolet Silverado 1500. Land Cruiser za mfululizo wa 70, Ford Super Duty za 4x4 na Ram 2500 za 4x4 zina ekseli nzima mbele, kwa hiyo hazina mkono wa umbo hili na habari zao ni nyingine.

Naomba tuelewane jambo moja kabla hujatoa pesa: mkono wa juu hauinui gari. Springi, shokapu au spesa (kipande cha kuongeza urefu) ndizo zilizoinua. Kazi ya mkono mpya ni kurudisha pembe ambazo kuinua kumezivuruga. Ukilishika hilo, utajua kama unauhitaji, utajua uchague upi, na utajua kwamba kazi haijaisha siku ya kukaza bolti ya mwisho, inaisha siku namba za alaimenti zimekaa mahali pake.

Nini hasa kinaharibika

Ukiinua gari, chasisi inapanda lakini tairi linabaki ardhini. Mikono yote miwili, wa juu na wa chini, inainama kuelekea chini. Mkono wa juu ni mfupi kuliko wa chini, hivyo unachora tao dogo zaidi, na ncha yake haikai tena pale mhandisi alipoikusudia.

Pembe inayoumia zaidi inaitwa kasta. Tazama gari kwa ubavuni, uchore mstari wa kuwazia kutoka bolijointi ya juu hadi ya chini. Mstari huo ukilalia nyuma kwa juu, kuelekea kibini, kasta ni chanya. Ni jambo lilelile linalomwezesha mtu kuendesha baiskeli akiwa ameachia mikono: uma wa mbele umelala nyuma, gurudumu linajinyoosha lenyewe. Pikapu nyingi za ukubwa wa kati hutoka kiwandani na kasta ya digrii 2 au 3 hivi. Ukiinua, sehemu yake inapotea. Na kwenye gari kama Tacoma, marekebisho yote ya kasta na kemba (tairi kulalia ndani au nje ukilitazama kwa mbele) yapo kwenye bolti za mkono wa chini zenye kamu, yaani visahani vinavyousogeza mkono vikizungushwa. Fundi akizitumia kamu hizo kusimamisha tairi wima, anamaliza nafasi ambayo ingempa kasta. Akitafuta kasta, tairi linalala. Ndiyo maana anakwambia amefika mwisho, na anasema kweli.

Shida ya pili ni bolijointi yenyewe. Ile pini yake ina uwanja wa kuyumba, nao una mpaka. Gari lililoinuliwa hutumia sehemu kubwa ya uwanja huo likiwa limesimama tu, kwa hiyo tairi likining'inia kwenye shimo, shingo ya pini inagonga ukingo wa kikombe chake. Ikigonga mara elfu, mpira wa kuzuia vumbi unachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na jointi inaanza kucheza.

Shida ya tatu huonekana kwa macho. Tairi likining'inia kabisa, mkono wa kiwandani unaweza kushuka hadi ukagusa springi. Washa tochi uangalie upande wa ndani wa mkono, pale unapopita kando ya springi. Ukiona rangi imekwanguka kwenye koili moja na chuma kinang'aa kama sarafu mpya, na alama kama hiyo iko kwenye mkono, basi umeshapata jibu la ile "ta!"

Je, unauhitaji kweli?

Kama umeinua mbele kwa inchi moja tu ili gari likae sawa na nyuma, na fundi wa alaimenti amepata namba zake bila shida, kaa na mikono yako ya kiwandani. Pesa hiyo weka kwenye shokapu nzuri.

Kwa inchi mbili hadi tatu, yaani sentimita 5 hadi 7.5, jibu langu karibu kila mara ni ndiyo, hasa kama kilichotumika ni spesa juu ya shokapu. Spesa huisukuma shokapu nzima chini, kwa hiyo tairi linaweza kuning'inia chini zaidi ya mpaka wa kiwandani, na hapo ndipo jointi na springi huumia.

Kwa inchi nne hadi sita mambo hugeuka. Seti kamili za urefu huo hushusha mkono wa chini na difu kwa mabano mapya, na nyingi huja na nako ndefu zaidi, kwa hiyo mkono wa juu unarudi karibu na pembe yake ya mwanzo. Soma maelezo ya seti yako kabla ya kununua mkono mwingine juu yake, maana mkono uliotengenezwa kwa nako ya kiwandani unaweza usifae kabisa kwenye nako hiyo.

Na usijidanganye kwamba mkono mpya utaongeza mwendo wa saspensheni bila mwisho. Ukishaondoa kizuizi cha juu, kizuizi kinachofuata ni sivijointi, vile viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele. Hizo zikipindishwa kupita kiasi zinachana mipira yake na kisha zinavunjika. Shokapu yenye urefu sahihi ndiyo inayopaswa kusimamisha mwendo wa kushuka.

Kuchagua mkono

Mikono ya kubadilishia hutengenezwa kwa bomba la chuma lililochomelewa, kwa chuma cha kufuliwa, au kwa aluminiamu iliyochongwa. Yote hufanya kazi ikiwa imetengenezwa vizuri. Kwenye bomba tazama ulehemu: uwe na mawimbi yanayofanana, usio na matundu, na uwe umezunguka maungio yote, hasa pale kikombe cha jointi kinapokutana na bomba. Rangi nene haifichi ulehemu mbaya kwa mtu anayepitisha kidole.

Uamuzi mkubwa ni wa ile ncha. Upo mkono wenye bolijointi iliyofungwa, kama ya kiwandani ila yenye uwanja mpana zaidi wa kuyumba, na upo wenye yuniboli, yaani bearingi ya duara iliyo wazi, ambayo bolti nene hupita katikati yake. Yuniboli huyumba zaidi ya bolijointi yoyote na huweza kubadilishwa yenyewe bila kutupa mkono. Wanaokimbiza magari jangwani wanaipenda kwa haki. Lakini haina mpira wa kuikinga na vumbi, au ukiwepo ni kofia nyepesi tu. Matope, mchanga na chumvi huingia, bitana yake nyeupe inalika, na inaanza kugonga. Kwa gari linalopeleka watu kazini kila siku na kwenda safari mara chache, mimi huchagua bolijointi iliyofungwa, yenye nipeli (kitundu cha kutilia grisi), ya saizi inayopatikana dukani kama kipuri. Sijawahi kuona mtu wa matumizi ya kawaida akijuta kwa hilo.

Bushi nazo zina tabia. Za mpira ni kimya na hazitaki huduma, ila zinataka kukazwa kwa namna maalumu ambayo nitaieleza kwa kirefu huko chini. Za poliyurethani ni ngumu, husaidia usukani kujibu haraka, na hulia zikikauka.

Uliza pia maswali matatu kabla ya kulipa: mkono huu umetengenezwa kwa kuinua inchi ngapi, unaongeza kasta kiasi gani, na unaingia kwenye nako ipi? Mikono mingi mizuri huongeza kati ya digrii 2 na 4. Swali la nako si dogo. Silverado 1500 za 2014 hadi 2018, kwa mfano, zilitoka kiwandani na mikono ya aina tofauti, na saizi ya jointi hutegemea aina hiyo. Sumaku husaidia: isiponasa, una aluminiamu. Ikinasa, tazama sura. Mkono wa bati lililokandamizwa ni laini na una mshono wa vipande viwili, mkono wa chuma cha kalibu una ngozi ya kukwaruza. Mtu akikuuzia bila kukuuliza una upi, muulize wewe.

Kabla ya kugusa spana

Peleka gari kwenye alaimenti kwanza, uombe karatasi ya namba. Bila karatasi hiyo huwezi kujua kazi yako imefanya nini. Kisha gari likiwa kwenye ardhi tambarare, chukua futikamba, pima kutoka katikati ya habu ya tairi kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia. Andika. Namba hizo mbili utazihitaji baadaye kuliko unavyodhani.

Zana si za ajabu: jeki ya sakafuni, stendi mbili imara, kabari za matairi ya nyuma, soketi na spana za saizi za gari lako, rodi ndefu ya kurefusha soketi, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), nyundo ya kilo moja na nusu hivi, kamba au waya nene, brashi ya waya, na mafuta ya kulegeza kutu. Pulizia mafuta hayo kwenye bolti za mkono na nati ya bolijointi jioni ya kuamkia kazi. Nunua pini mpya za kufungia, na nati mpya kama za zamani ni za aina ya kujibana zenyewe.

Kama pikapu yako haina springi ya koili mbele bali toshenbaa, ile nondo ndefu inayolala chini ya chasisi, simama kwanza. Kwenye baadhi ya magari, zikiwemo Toyota za miaka ya nyuma, nondo hiyo imeshikwa na mkono wa juu wenyewe, na inapaswa kulegezwa kabisa kabla ya chochote. Na kama springi yako ya koili imekaa peke yake kati ya mkono wa chini na chasisi, bila kushikwa na shokapu, ujue kwamba ukiachia bolijointi bila jeki chini ya mkono wa chini, springi itaruka. Inaweza kuua. Hiyo kazi mpe fundi mwenye kibano cha springi. Hatua zinazofuata ni za gari ambalo springi na shokapu ni kitu kimoja.

Kutoa mkono wa zamani

Legeza nati za matairi gari likiwa bado chini. Weka kabari nyuma, inua mbele, ukalishe chasisi kwenye stendi, kisha litikise gari kwa mikono yako. Likiyumba, panga upya. Toa matairi. Fanya upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa mwingine, ili uwe na mfano wa kutazama pale utakapokuwa umesahau washa, ile pete ya chini ya nati, ilikaa wapi. Piga picha.

Weka jeki chini ya mkono wa chini, iguse tu na kubeba uzito kidogo. Fungua vibano vya waya wa ABS (mfumo wa breki unaozuia matairi kujifunga) na vya paipu ya breki vilivyo kwenye mkono wa juu au kwenye nako. Vibano vya plastiki hukatika kirahisi, vitoe kwa subira.

Sasa funga nako. Hapa ndipo wageni wa kazi hii huharibu vitu. Bolijointi ikiachia, nako nzima pamoja na diski na kalipa inaangukia nje. Uzito huo unavuta paipu ya breki na waya wa ABS, na kwenye gari la 4x4 unaweza kuichomoa sivijointi ya ndani. Pitisha kamba kwenye nako, uifunge kwenye chasisi au kwenye springi, ibaki na nafasi ndogo tu ya kuyumba.

Toa pini ya kufungia, legeza nati ya bolijointi, lakini usiitoe. Iache ishike nyuzi tatu au nne. Nati hiyo ndiyo itakayozuia mkono usiruke. Pini ya jointi imekaa kwenye tundu lenye mteremko kama koni, na imeng'ang'ania kwa kubanwa. Kuigonga kutoka chini kunaharibu uzi na hakuitoi. Gonga ubavu wa jicho la nako, pale chuma kinapoizunguka pini, mapigo mawili matatu ya nguvu na yaliyonyooka. Jicho linajipanua kidogo sana kwa mshtuko, na utasikia mlio ukibadilika, kisha mkono unaruka juu hadi kwenye nati. Nako ikiwa ya aluminiamu, usiigonge, tumia kivutio cha bolijointi. Uma wa kupigilia nao hutoa, ila huchana mpira wa jointi, kwa hiyo usiutumie kama mkono wa zamani una mtu wa kuupokea.

Geukia bolti za chasisi. Kwenye Toyota nyingi ni bolti moja ndefu inayopita bushi zote mbili, na ikitoka inakutana na bati la ndani la madigadi. Kwenye Tacoma za kuanzia 2005 bati hilo linabidi kukunjwa kidogo kwa koleo ili bolti ipite. Kunja taratibu, ulirudishe baadaye, upake rangi pale ilipobanduka. Kabla ya kuvuta bolti, tazama kichwa chake kimeelekea mbele au nyuma, na kila washa iko upande gani. Bolti irudi kama ilivyokuwa.

Kufunga mkono mpya

Safisha jicho la nako kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Ndani ya lile tundu la koni usipake grisi wala mafuta, pini inataka chuma kikavu. Bushi za poliyurethani zipake grisi iliyokuja na mkono, ndani na kwenye nyuso za pembeni. Bushi za mpira usizipake kitu.

Hakikisha mkono wa kushoto umeenda kushoto. Linasikika jambo la mtoto, lakini mikono hii hufanana. Njia ya kujua bila kutegemea stika: ukiushika mkono mahali pake, kikombe cha jointi lazima kiegemee nyuma, kuelekea kibini, maana hiyo ndiyo inayoongeza kasta. Ukikiona kimeegemea taa za mbele, umebadilisha pande.

Pitisha bolti ya chasisi, washa zote mahali pake, uanze nati kwa mkono. Kaza mpaka mkono usicheze upande, halafu acha. Usikaze mpaka mwisho.

Ingiza pini ya jointi kwenye nako. Kwa yuniboli, zile spesa mbili za koni zikae juu na chini kama mchoro wa mtengenezaji unavyoonyesha. Pandisha nako kwa jeki kidogo ikiwa jicho halifiki. Pini ikizunguka pamoja na nati, ukandamize mkono kwa chini ili koni ing'ang'anie, kisha endelea. Kaza kwa spana ya toki, weka pini ya kufungia. Tundu lisipolingana na nati, kaza mbele hadi lilingane, usilegeze kurudi nyuma.

Namba za toki zichukue kwenye karatasi ya mkono wako, na zisipokuwepo, kwenye kitabu cha gari. Kukupa picha tu, Tacoma za 2005 hadi 2015 zikiwa na vipuri vya kiwandani hutaka 115 Nm kwenye bolti ndefu ya chasisi na 110 Nm kwenye nati ya bolijointi. Mkono wa kampuni nyingine una namba zake.

Rudisha waya wa ABS na paipu ya breki. Kabla ya kuzibana, geuza nako kulia na kushoto hadi mwisho, kisha ishushe hadi mwisho wa shokapu, ukitazama kama waya unavutika au unagusa rimu. Ukivutika hata kidogo, hamisha kibano.

Kukaza bushi gari likiwa kwenye urefu wake

Naomba usome sehemu hii polepole. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti kama bearingi. Mrija wake wa ndani unabanwa na bolti usisogee, mrija wa nje umekamatwa na mkono, na mpira ulio katikati ndio unaojisokota mkono unapopanda na kushuka. Ukiukaza mrija wa ndani wakati tairi linaning'inia, umeuambia mpira kwamba huku chini ndiko nyumbani. Gari likishuka chini, mpira unakaa umesokotwa siku nzima hata likiwa limeegeshwa, na kila shimo linausokota zaidi. Unachanika kutoka ndani.

Nililifanya kosa hili kwenye pikapu ya kwanza niliyoinua. Nilikaza kila kitu kikiwa hewani, nikaridhika kwa sababu spana ya toki ililia vizuri. Baada ya miezi michache gari lilikuwa linalia kama mlango mkavu kila likipita tuta. Nilipozitoa bushi, mpira ulikuwa umepasuka mduara mzima, na vumbi jeusi laini limejaa kwenye mrija. Mikono ilikuwa mizima kabisa.

Njia sahihi: bolti za chasisi zikiwa zimelegea kidogo, weka jeki chini ya mkono wa chini karibu na bolijointi ya chini, uinue hadi ule umbali wa habu na madigadi ulioandika mwanzo urudi vilevile. Stendi ibaki chini ya chasisi, karibu kabisa. Sasa kaza kwa toki kamili. Ikiwa nafasi inaruhusu, bora zaidi ni kurudisha matairi, kushusha gari chini, kulisukuma mbele na nyuma mita chache ili saspensheni ijikalie, kisha kukaza kwa rodi ndefu ya soketi. Bushi za poliyurethani zenye mrija unaozunguka huru hazina shida hii, lakini kuzikaza hivihivi hakudhuru.

Tia grisi kwenye nipeli za jointi hadi mpira uvimbe kidogo tu. Ukiendelea kupiga hadi grisi itoke pembeni, unaweza kuupasua.

Kupima kabla ya barabara

Rudisha matairi, nati kwa mtindo wa nyota, toki kamili gari likiwa chini. Injini ikiwa inawaka, geuza usukani hadi mwisho pande zote huku mtu akitazama nafasi kati ya mkono mpya, rimu na tairi. Mikono minene na rimu ndogo hugombana hapa. Kisha inua chasisi tena, matairi yaning'inie, na uangalie kwa tochi nafasi kati ya mkono na springi. Kidole kipite bila kubanwa.

Nenda kwenye alaimenti moja kwa moja, polepole, bila kupitia safari nyingine, maana tou (matairi kuelekeana ndani au nje kwa mbele) itakuwa imehama na matairi hulika upesi yakikokotwa. Mwambie fundi mapema kwamba gari limeinuliwa na lina mikono mipya, na umpe namba unazotaka, kwa sababu mashine itamwonyesha za kiwandani. Kwa pikapu iliyoinuliwa inchi mbili au tatu na yenye matairi makubwa, mimi huomba kasta ya digrii 3 hadi 4 chanya kila upande, kemba karibu na sifuri, na tou ya ndani kidogo sana. Tofauti ya kasta kati ya kushoto na kulia isizidi nusu digrii. Ikizidi, gari litavuta kuelekea upande wenye kasta ndogo, na utaanza kuyasingizia matairi. Kwenye gari jipya lenye mfumo wa kudhibiti uthabiti, kihisi cha pembe ya usukani kiwekwe upya kwenye sifuri, la sivyo taa ya onyo inaweza kuwaka.

Barabarani utaona usukani ni mzito kidogo kuliko ulivyozoea na unarudi wenyewe ukimaliza kona. Ndivyo unavyotakiwa. Kama tairi lilikuwa likikwaruza nyuma ya madigadi, pima tena: fundi akitumia zile kamu kusogeza mkono wa chini mbele, gurudumu husogea mbele kidogo, na mkwaruzo unaweza kupungua au kuisha. Mkwaruzo ukihamia plastiki ya mbele, ikate kidogo, usirudishe kasta.

Baada ya kilomita 100 kagua toki zote, halafu tena karibu na 500. Piga alama ya rangi nyeupe inayovuka nati na chuma kilicho jirani, ili siku nyingine ukitazama tu ujue kama imesogea. Bolijointi yenye nipeli ipewe grisi kila unapobadilisha oili ya injini na kila baada ya kuvuka maji marefu. Yuniboli usiipe grisi, inanasa mchanga na kuugeuza msasa. Ioshe kwa maji, ikauke, upulizie kilainishi kikavu.

Na kila baada ya miezi michache inua tairi likiwa huru, lishike juu na chini, ulitikise, mwenzako akiwa ameweka kidole pale pini inapoingia kwenye nako. Mchezo mdogo wa jointi huuhisi yeye kwenye kidole kabla wewe hujausikia kwenye usukani.